Anova: hesabu ploti, usihesabu mimea

Kwenye Anova (uchambuzi unaolinganisha wastani wa makundi), kabla hujauliza kama F, yaani uwiano wa tofauti za makundi kwa tofauti za kosa, imevuka mpaka, kagua safu ya digrii za uhuru: idadi ya namba zilizo huru kubadilika. Hiyo ikikosewa, F na uwezekano wake havifai tena, na kompyuta haitakushtua.

Chukua jaribio la mahindi: viwango 4 vya naitrojeni (kilo 0, 40, 80 na 120 kwa hekta) katika bloku 3 (makundi ya ploti zinazofanana), yaani ploti 12. Digrii za jumla ni 12 − 1 = 11. Mbolea ni 4 − 1 = 3, bloku ni 3 − 1 = 2, na kosa (tofauti isiyoelezwa na mbolea wala bloku) hupatikana kwa kuzidisha hizo mbili: 6. Jumlisha, 3 + 2 + 6 = 11. Zisipolingana, kuna chanzo umekisahau.

Hiyo moja inayotolewa ina sababu. Ukiupima kila wastani wa mbolea dhidi ya wastani mkuu, tofauti zote nne lazima zijumlike kuwa sifuri. Tatu zikiwa +4, −1 na −5, ya nne haina hiari: ni +2.

Wengi hunaswa kwenye sampuli. Umepima urefu wa mimea 10 kila ploti, umejaza mistari 120, na programu inakupa kosa lenye digrii 114. Usifurahi. Kura ya mbolea ilipigwa kwa ploti, si kwa mche, na mimea ya ploti moja inakula sahani moja. Mgawo sahihi wa 119 ni huu: mbolea 3, bloku 2, kosa la ploti 6, mimea ndani ya ploti 12 × 9 = 108. Mbolea hupimwa kwa ile 6. Kwa asilimia 5, mpaka wa F ya 3 na 6 ni 4.76, kwa 3 na 114 ni kama 2.68 tu. Njia rahisi ni kuchukua wastani wa kila ploti na kuchambua namba 12; idadi ya mimea ikiwa sawa kila ploti, F ya mbolea haibadiliki.

Ukiona mbolea ina digrii 1 badala ya 3, programu imeisoma kama namba na kuchora mstari mnyoofu. Kwenye R, programu ya takwimu, ipitishe kwanza kwenye factor(), amri ya kuisoma kama makundi. Bloku zilizoandikwa 1, 2, 3 nazo ni hivyo hivyo. Zote mbili zikisomwa vibaya, kosa linavimba hadi 9.

Mbuzi wakila ploti moja, jumla inakuwa 10 na kosa 5. Ukiijazia pengo kwa fomula ya makadirio, toa digrii hiyo moja kwenye jumla na kosa kwa mkono, maana namba ya kukadiria haina uhuru wowote.

Ploti zilizogawanywa, yaani tiba moja kwenye ploti kubwa na nyingine kwenye vipande vyake, zinataka makosa mawili, moja kwa kila ukubwa. Umwagiliaji wa aina 2 kwenye ploti kubwa, bloku 3: kosa lake ni 1 × 2 = 2, na mpaka wa F ni 18.51. Bloku zikiwa 6, kosa ni 5 na mpaka unashuka hadi 6.61. Hesabu hii ifanywe mbegu zikiwa bado guniani.