Jibu: Fizi za mjamzito zinatoka damu, je, aache kupiga mswaki?

Salaam, ndugu yangu. Umeuliza kama mkeo, mwenye mimba ya miezi mitano, aache kupiga mswaki mpaka ajifungue kwa kuwa fizi zake zinatoka damu. Asiache. Nami katika mimba yangu ya kwanza niliacha kugusa meno ya nyuma kwa wiki tatu, nikiogopa wekundu niliouona kwenye povu la dawa, na damu ikazidi, kwa sababu homoni za ujauzito huzifanya fizi zivimbe upesi hata kwa ukoga mdogo.

Kwanza angalieni mswaki wenyewe: ukiwa na nyuzi ngumu, nunueni ulio laini, aulaze pale jino linapokutana na fizi, asugue taratibu kwa dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi. Akitapika, asukutue kwa maji na asubiri kama nusu saa ndipo apige mswaki, kwani asidi ya tumbo hulainisha meno. (Bibi yangu alinihimiza maji ya chumvi, yalinituliza, ila ukoga uliogandamana hayakuung'oa.)

Ukoga huo uliogandamana huondolewa na daktari wa meno, na kusafishwa meno hakumdhuru mjamzito. Amweleze tu umri wa mimba kabla ya kuandikiwa dawa, maana tetrasaiklini, aina ya dawa ya kuua bakteria, huweza kutia madoa meno ya mtoto aliye tumboni. Akiona usaha, jino likilegea au uso ukivimba, aende siku hiyo hiyo bila kusubiri miadi.