Rimoti ya TV sio redio

Hapana mkuu, unasema rimoti ya TV inatumia mawimbi ya redio kama simu, sio kweli, ile ni infraredi, mwanga tu ila macho yetu hayauoni, urefu wa wimbi lake ni nanomita kama 940 hivi. Ndo maana mtu akisimama katikati inagoma, wakati rimoti ya geti unabonyeza uko nje ya ukuta na linafunguka, hiyo sasa ndo redio, nyingi ni masafa ya 433 megahezi. Mi natengeneza rimoti hapa Kilombero Arusha, mteja akiniletea, kitu cha kwanza nawasha kamera ya simu naielekezea ile taa ndogo ya mbele ya rimoti nabonyeza, ikiwaka zambarau kwenye skrini basi rimoti inatoa mwanga vizuri, hapo naanza kuishuku TV. Tumia kamera ya selfi lakini, za nyuma simu nyingi zina kichujio kinachozuia infraredi, usije ukadhani haiwaki ukatupa bure rimoti ambayo haijaharibika. Ila hizi za smati TV unazoongea nazo nyingi zina Bluetooth, hiyo ni redio kweli, 2.4 gigahezi kama waifai, ingawa kitufe cha kuwashia mara nyingi bado ni infraredi.