Gauni la kanisani na la ukumbini, Moshi mwezi wa saba
Hongera sana mdogo wangu! Umeuliza mshono upi wa gauni la harusi kwa kanisani na upi kwa ukumbini. Mwezi wa saba Moshi kuna baridi, hivyo la kanisani liwe na mikono mirefu ya lesi. Makanisa mengi hayapendi mabega wazi, na mikono hiyo inamaliza mambo yote mawili. Nyuma omba kamba za kufunga badala ya zipu. Ukipungua au ukinenepa wiki za mwisho, zinakazwa au kulegezwa tu, gauni halifumuliwi.

La ukumbini usilibane mpaka magotini. Utapanda jukwaani, utacheza, utapiga magoti kuwalisha wazazi keki. Kitambaa cha krepu nzito kinamwagika vizuri na hakioneshi kila mkunjo kama satini nyepesi.

Picha za mtandaoni mpelekee fundi, ila mwambie akate kwanza la majaribio kwa marekani, kile kitambaa cha pamba cha bei rahisi. Hapo ndipo utajua kama shingo ile inakufaa wewe, kabla hajagusa lesi ya bei. Na siku ya kupima urefu nenda na viatu vyenyewe vya harusi, tafadhali!