Jibu la msomaji: Kinachonitoa nje ni ripoti ya asubuhi

Mmeuliza wiki hii, "Ukishavuka miaka 40, ni nini kinakufanya uendelee na mazoezi siku ambayo mwili umekataa, na kimekugharimu nini?" Mimi naandika kutoka Brooklyn Park, kaskazini kidogo ya Minneapolis, jimbo la Minnesota, huku ambako Wakenya tumejaa hasa sisi wa Kisii na Nyamira, na jibu langu ni fupi ingawa maelezo yake ni marefu. Ni watu. Tuna grupu letu la wasapu la wakimbiaji wasiofika ishirini, mdogo ana miaka 42 na mkubwa ametimiza 61 (huyo tunamwita Omogaka, yaani mzee wa heshima kwa Kikisii, na anastahili), manesi, madereva wa malori, mwalimu mmoja, akina mama wanaotunza wazee kama mimi, wengi ni wa kwetu lakini yuko shemeji wa Arusha na wako wawili wa Bukavu, Kongo, na kila siku kabla ya saa sita mchana kila mtu awe ameshaleta ripoti yake ya mazoezi.

Ningekuwa peke yangu ningeacha kila Novemba, hilo nalijua kabisa.

Nyinyi mlioko nyumbani labda mnaona picha za theluji mnadhani shida ndiyo hiyo. Theluji mpya ina raha yake, inakanyagika vizuri tu. Shida ni barafu, ile inayeyuka kidogo mchana halafu usiku inaganda tena barabarani inakuwa kama kioo, huioni mpaka umeshaikanyaga, na mtu wa miaka 50 akianguka akavunjika mkono hiyo ni miezi hajainua mgonjwa kazini na bili za nyumba haziji kumpa pole. Halafu kuna giza. Desemba jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi na saa kumi na nusu jioni limeshazama, yaani mtu wa shifti ya mchana anaingia kazini gizani anatoka gizani, wiki nzima jua amelionea dirishani tu. Baridi yenyewe, nyuzi 10 chini ya sifuri mwezi wa Januari ni siku ya kawaida, hapo tunatoka bila mjadala. Lakini kuna siku zingine. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilifika kama nyuzi 33 chini ya sifuri kabla hata hujahesabu upepo, posta ikasimamisha kupeleka barua. Siku kama hiyo hatuendi nje, hiyo ni sheria, unapanda na kushuka ngazi za nyumbani kwako nusu saa unaleta ripoti ya ngazi na inahesabiwa sawasawa na ya barabarani.

Sasa hiyo ripoti ndiyo nataka niielezee vizuri manake nadhani ndiyo siri yetu yote. Ina mambo matatu. Umefanya nini, mwili unasemaje, na leo unamuulizia nani. Hilo la tatu lilipendekezwa na Mwalimu, na ndilo limetushikilia pamoja kuliko kitu kingine chochote. Mwanzoni tulikuwa tunatupiana hongera tu, mtu anasema nimekimbia kilomita sita, zinakuja picha za makofi kumi, moto, misuli, halafu basi, kila mtu anarudi kwa mambo yake. Hongera sio mbaya, lakini mimi sijawahi kuona hongera ya jana ikimtoa mtu kitandani leo. Kinachomtoa ni akijua kuna mwenzake anayekumbuka alisema nini jana. Mama Mapacha akiandika kisigino kinauma akikanyaga sakafu asubuhi, kesho yake mtu anamuuliza kwa jina, "Mama Mapacha, kisigino kikoje leo, ulivingirisha ile chupa ya maji ya barafu chini ya unyayo kama dada alivyosema?" Hapo huwezi kupotea. Itabidi ujibu, na ukijibu unajikuta umeshavaa soksi.

Na tulikubaliana kwamba "leo sikutoka" ni ripoti. Hili nalitetea sana kwa sababu kuna wengine walikuwa hawalipendi, walisema tutalea uvivu. Mimi naona kinyume. Watu wa umri wetu tumezoea kuficha, tumelelewa hivyo, ukiwa umechoka unanyamaza, ukiwa na shida ya nyumbani unanyamaza, na kwenye baridi ule ukimya unaongezeka haraka sana. Mtu akiandika sikutoka, nimelala, nimechoka, watoto wagonjwa, huyo yuko salama, tunaye. Asiyeandika kitu siku tatu ndiye tunampigia simu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Papa, mmoja wa wale wa Bukavu. Msimu mmoja wa baridi mama yake alifariki kule nyumbani na yeye makaratasi yake yalikuwa bado hayajakamilika, asingeweza kusafiri kwenda kumzika halafu akaruhusiwa kurudi. Hakutuambia. Aliacha tu kuandika. Omogaka akapiga simu haikushikwa, akapiga tena, halafu akatuambia sisi tulio karibu twende. Tulikuwa watatu, tumebeba thamosi ya chai ya maziwa yenye tangawizi, tukasimama mlangoni kwake kwenye baridi ile tukasema Papa, hatukuja kukimbia, tumekuja kunywa chai na wewe. Akafungua. Tulikaa, alilia, shemeji akaomba dua, na baada ya chai yeye mwenyewe ndiye aliyesema twendeni tuzunguke nyumba kidogo. Tukazunguka mitaa miwili polepole bila kukimbia hata hatua moja. Kwenye grupu jioni akaandika ripoti yake, nimetembea na ndugu zangu. Wiki zilizofuata kila asubuhi alikuwepo mtu wa kutembea naye, tulipangana kwa zamu kulingana na shifti, na ni mmoja wetu ambaye ni nesi aliyemwambia aende kwa dokta aeleze usingizi na huzuni yake. Dokta pamoja na mengine akamwelekeza kwenye ile taa maalum ya mwanga mkali wa laksi 10,000, unakaa mbele yake kama nusu saa asubuhi, manake huku juu kaskazini kuna watu wengi ambao giza la miezi hii linawashusha moyo kabisa, ni ugonjwa unaojulikana na unatibika. Wengi wetu hatukuwa tunajua. Tulifikiri ni uchovu wa kazi tu.

Kitu kingine tunachopeana ni ujuzi, kwa sababu sisi wa nyanda za juu za Kisii baridi ya namna hii hatukurithi kwa babu. Nguo ya ndani isiwe ya pamba, pamba inashika jasho na jasho likipoa mwilini umekwisha. Vaa nyepesi inayopitisha jasho, juu yake ya kuleta joto, halafu jaketi ya kuzuia upepo, na ukitoka mlangoni usikie baridi kidogo, ukiwa na joto dakika ya kwanza basi umevaa kupita kiasi. Glavu zile za vidole vinne kukaa pamoja zina joto kuliko za kila kidole chumba chake. Mafuta ya mgando kwenye mashavu na pua. Simu iwe mfuko wa ndani karibu na mwili la sivyo betri inazima ghafla na hapo ndipo ungeihitaji. Anza safari ukiupinga upepo, urudi umeupa mgongo, kwa sababu ukirudi umelowa jasho halafu upepo unakupiga usoni utateseka. Upepo na baridi vikifanya mwili uhisi nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, kwa hiyo tukifika hapo hakuna ushujaa, ni ngazi. Na kuna ile mipira yenye miiba ya chuma unaivisha juu ya viatu, hiyo nunua kabla hujanunua kitu kingine chochote.

Vitamini D pia, muulize dokta wako akupime. Jua la Desemba huku liko chini sana na sisi ngozi zetu zinahitaji jua zaidi.

Jumamosi ndiyo siku ninayoipenda. Wanaoweza tunakutana kuzunguka Bde Maka Ska, ziwa lililo ndani ya mji kabisa, mzunguko ni kama kilomita tano, limeganda lote na watu wametoboa mashimo kwenye barafu wanavua samaki. Mbio zetu ni za mwendo wa kuongea, kama huwezi kusema sentensi nzima punguza. Huko ndiko hadithi zinatoka. Mwalimu anajua historia ya riadha kama mtu anavyojua ukoo wake, na ukianza kulalamika magoti anakupa watu. Anakukumbusha Naftali Temu, wa kwetu Nyamira, aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, mita 10,000, Mexico 1968. Anakukumbusha Yobes Ondieki, Mkisii mwingine, mtu wa kwanza duniani kumaliza mita 10,000 chini ya dakika 27, Oslo mwaka 1993, wakati huo mimi nilikuwa sekondari na nakumbuka watu walivyoshangilia. Wamarekani wakitusifu wanatusifu kwa Eldoret na Iten, na ni haki yao, lakini sisi tukiwa kwenye kilima na upepo umekaza, Omogaka akisema tu "Temu!" sote tunaongeza hatua.

Lakini hao walikuwa vijana. Aliyetugusa zaidi ni Ed Whitlock, mzee wa Kanada ambaye mwaka 2004 akiwa na miaka 73 alikimbia maratoni kwa saa 2 dakika 54 na sekunde 48, na mazoezi yake alikuwa anayafanya kwa kuzunguka makaburi ya mji wake wa Milton, Ontario, mizunguko na mizunguko, pasipo kocha. Halafu sisi akina mama tuna Edna Kiplagat wetu, mama wa watoto, anayeishi na kufanya mazoezi Colorado ambako nako theluji ipo, alishinda maratoni ya Boston 2017 akiwa na miaka 37 na ile ya 2021, aliyoikimbia akiwa ameshavuka miaka 40, akatangazwa mshindi baada ya aliyefika wa kwanza kunyang'anywa ushindi kwa dawa zilizokatazwa. Nikifikiria alivyokimbia safi miaka yote hiyo nasikia nguvu.

Grupu letu lina lengo pia, manake bila lengo Februari ni ndefu sana. Juni kuna Grandma's Marathon, inaanzia karibu na Two Harbors inakuja mpaka Duluth kandokando ya Ziwa Superior, mbio zilizoanza 1977, na ni Mkenya Dominic Ondoro aliyevunja rekodi ya wanaume pale mwaka 2014 kwa saa 2:09:06, rekodi iliyokuwa imekaa tangu 1981. Wengine wetu watakimbia nusu, wengine yote, wengine watakuja kushika maji na kupiga vigelegele, na wote wameandikwa kwenye mpango mmoja. Mbio za Juni unazijenga Februari na Machi, kwa hiyo yule anayezunguka hifadhi ya Elm Creek na theluji kwenye kope anajua anakwenda wapi.

Kwa nyinyi wa shifti ya usiku, kwa sababu najua mko wengi mnaosoma hapa, nguo za kukimbia zibebe kazini. Mimi nikitoka saa moja asubuhi sipiti nyumbani kwanza, kitanda kikikuona kimekushinda. Nabadilisha kulekule, nakimbia au natembea dakika thelathini, naleta ripoti nikiwa ndani ya gari heta imewashwa, ndio naenda kulala. Siku ya barafu mbaya nazunguka ndani ya moli kabla maduka hayajafunguliwa, nawakuta wazee wa Kimarekani wanatembea na tumeshazoeana tunasalimiana.

Na gharama, manake mmeuliza. Jimu silipii. Kubwa ninayolipa ni usingizi, nusu saa hadi saa nzima kila siku, na kwa mtu wa shifti hiyo sio kitu kidogo, mume wangu mwanzoni alikuwa na wasiwasi mpaka alipoona presha yangu imeshuka kwenye karatasi ya dokta mwenyewe. Viatu ndivyo pesa, huwezi kuvikwepa, vikiisha soli vinakula magoti. Nguo za baridi zinaogopesha bei dukani lakini kwetu zinazunguka, mtu akipungua mwili au akinunua nyingine ile ya zamani inaletwa Jumamosi, tunayo mabegi mawili ya majaketi, glavu na kofia kwenye gereji ya Mama Mapacha, na sisi hatumuuzii mtu. Kwa hiyo aliyefika juzi kutoka Nyamira, Arusha au Bukavu na yuko hapa Minnesota anaangalia hiyo theluji dirishani, asiende kununua jaketi kabla hajatuuliza.