Kituo cha treni cha zamani chenye ngazi pekee: anzia wapi?

Umeuliza kama lifti moja itatosha kuwafungulia watu wa viti vya magurudumu kituo chenu cha zamani. Haitoshi, ndugu yangu. Siku ikiharibika, abiria amekwama chini. Wekeni mbili, au njia ya mteremko inayopanda mita 1 kwa kila mita 12.

Halafu pimeni pengo kati ya treni na jukwaa. Hapo ndipo wengi husahau. London, kwenye baadhi ya vituo vya zamani, waliinua kipande tu cha jukwaa kikalingana na mlango wa behewa. Kwa wasioona, vigae vyenye vinundu ukingoni, vile vilivyoanza barabarani Okayama, Japani, mwaka 1967. Na kabla ya mchoro wowote, piteni kituoni na watumiaji wenyewe, saa ya msongamano.