Msifukuze mtu kabla ya kusoma fomu za matokeo za vituo vya kura

Mmeshindwa uchaguzi, lakini hiyo orodha ya wasaliti wa chama mnayoiandaa huko Mkunumbi, Lamu, ichaneni leo. Umeuliza kuhusu vijana, pesa za tawi, kuungana na chama kingine, na kama mwafukuze waliompigia debe mgombea huru. Mimi nashika hilo la mwisho, maana ndilo litakalowamaliza.

Nilikuwa kwenye kamati ya tawi hapa Malindi tuliposhindwa 2017. Vidonda bado vibichi, akaja bwana mmoja kutoka makao makuu Nairobi, akatwambia: "Safisheni chama, ondoeni watu wa nyuso mbili." Hakuuliza hata karatasi moja ya matokeo. Tukawasimamisha wajumbe, tukawasimamisha akina mama wa Barani waliotulisha kampeni nzima, na kijana aliyewajua wavuvi wa Shella mmoja mmoja kwa jina. Barua zikatoka bila mtu kuitwa ajieleze. Bwana yule akapanda ndege, na simu zetu hakuzishika tena. Mpaka leo nikimwona kwenye televisheni akihubiri umoja, nazima.

Wale watu walienda chama kingine na namba zote za simu za mtaa. 2022 ndio waliotupiga.

Fomu za vituo tulikuja kuzisoma baadaye sana. Kwenye vituo vya hao "wasaliti" ndiko tulikoongoza! Tulipoanguka ni pale fomu isipokuwa na sahihi ya wakala wetu, yaani mtu wa chama wa kulinda kura kituoni. Wakala alikaa tangu alfajiri bila chakula wala nauli, akaondoka kabla kura hazijahesabiwa. Na aliyekabidhiwa pesa za mawakala ndiye aliyepiga kelele kuliko wote kwamba watu wafukuzwe.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inataka mwanachama asikilizwe kabla ya kufukuzwa. Mkiruka hapo, atawapeleka mbele ya jopo la mizozo ya vyama, na pesa mnazotafuta za tawi zitaishia kwa mawakili.

Nyinyi wa Lamu mfano mnao nyumbani. Issa Timamy alipoteza ugavana 2017 kwa Fahim Twaha, akabaki chama cha ANC (Amani National Congress), na 2022 akarudi kwa tiketi ya ANC hiyohiyo. Muda wa kujipanga upo, kaka. Haraka ya kutafuta wa kumlaumu ni ya nini?

Vijana watakuja wakiona wazee hawagombani.

Sasa fanyeni hivi: waiteni mawakala wote, hata mnaowashuku, kila mmoja na fomu ya kituo chake. Waongee wao kwanza, mwenyekiti anyamaze. Wanaowadai walipeni siku hiyohiyo, kabla hamjataja jina la mtu yeyote.