Maswali ya Wasomaji: Viti Visivyomaliza Mwaka

SWALI: Mimi ni mtunza stoo na mnunuzi wa sekondari binafsi hapa Tabora. Kila Januari tunanunua viti vya plastiki kwa kuwa vya mwaka uliopita vimevunjika, na stoo imejaa mabaki. Bodi imetutaka tufuate uchumi rejelezi katika manunuzi, yaani vitu vitumike tena na tena badala ya kutupwa. Je, tuanze kwa kutafuta wanunuzi wa chakavu?

JIBU: Ndugu msomaji, mnunuzi wa chakavu ni wa kuitwa mwisho, kwa sababu kitu kikimfikia, sehemu kubwa ya thamani yake imekwisha kupotea. Uchumi rejelezi huanzia kwenye barua ya kuomba bei, pale unapoandika sifa za kitu unachokitaka. Ukiandika “viti 100” tu, atashinda mzabuni wa bei ya chini, nawe Januari utarudi dukani.

Kitazame kimoja kati ya viti vilivyovunjika. Mguu umepasuka unapoungana na kikalio, na kwa kuwa kiti kizima kimetolewa katika kalibu moja, hakuna sehemu inayoweza kubadilishwa. Kiti cha fremu ya chuma, ambacho kikalio chake cha mbao kimefungwa kwa bolti nne wala hakikugongewa ribiti, hufunguliwa kwa spana, seremala wa mtaani akaweka ubao mwingine, na fremu ikaendelea na kazi. Tuseme cha plastiki ni shilingi 20,000 na hudumu mwaka mmoja, na cha fremu ni shilingi 70,000, hudumu miaka saba, na matengenezo yake kwa miaka hiyo yote ni shilingi 14,000: hicho cha pili kinawagharimu shilingi 12,000 kwa mwaka. Hesabu hii ipelekeni kwenye kamati ya ununuzi pamoja na bei za kweli za hapo mjini. Ubao nao utoke kwanza kwenye meza kuukuu. Mkilazimika kununua mninga mpya, daini kibali cha uvunaji, maana miombo yetu imekatwa vya kutosha.

Kurudisha vyombo si jambo geni kwetu, kwani kreti ya soda hupelekwa na chupa tupu. Mtakeni anayewauzia sabuni ya maji alete madumu yaliyojaa na kuondoka na matupu, na sharti hilo liandikwe katika mkataba. Kwa printa, ulizeni kabla ya kununua kama tona yake hujazwa upya, na kama fundi na vipuri vinapatikana Tabora, la sivyo kila hitilafu itasafirishwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800.

Kuhusu mabaki yaliyomo stoo, tengeni kwanza yanayotengenezeka. Plastiki iliyopasuka ndiyo mumwitie mnunuzi wa chakavu.